Je, minyororo ya usalama ifunguliwe kabla ya kushusha boti majini?

Mshika Usukani aliuliza:

Habari zenu ndugu wanajukwaa.

Nina boti ya fibaglasi yenye urefu wa mita 5.5, ambayo naivuta kwa trela la ekseli moja. Nilipoipitisha kwenye mizani ikiwa na injini, mafuta na vifaa vyake vyote, boti na trela kwa pamoja vilikuwa na kilo 1,300. Nina maswali mawili kuhusu kiunganishi cha trela na gari, na ningependa kuyapatia majibu kabla sijaishusha tena majini.

La kwanza ni kwamba kwenye mteremko wa kushushia boti nimewaona watu wenye uzoefu wakifungua minyororo ya usalama kabla ya kuanza kurudi nyuma, na wengine wakilegeza hata komeo la kiunganishi. Wanaeleza kuwa gari likianza kuteleza kuelekea majini, ni afadhali trela liende peke yake kuliko kuondoka na gari pamoja na dereva. Wapo pia wanaofungua mkanda wa winchi, unaoishikilia boti kwenye trela, wakiwa bado juu kabisa ili kuokoa muda. Je, hoja hiyo ina msingi wowote?

La pili ni kwamba nikiwa barabarani, kila ninapopunguza mwendo nasikia mgongano mmoja mzito kutoka nyuma, ingawa komeo limefunga na pini yake imeingia vizuri. Kikombe cha kiunganishi, kinachokaa juu ya tufe (mpira wa chuma ulio nyuma ya gari), kimepigwa mhuri wa inchi 2, lakini tufe lenyewe nililikuta kwenye gari wakati nalinunua, na maandishi yake yameliwa na kutu. Je, mlio huo ni wa kawaida?

Nitashukuru kupata majibu yenye kueleza sababu, kwa kuwa kila ninayemuuliza ana desturi yake na hakuna anayenieleza kwa nini.

Fundi Trela alijibu:

Ndugu Mshika Usukani, nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu hilo ndilo linalopaswa kukuzuia kulivuta trela barabarani hadi upate jibu lake.

Ukubwa wa tufe haujulikani kwa kutazama. Matufe yanayotumika zaidi kwa matrela ya aina yako yanakaribiana mno kwa vipimo: kuna la inchi 1 na 7/8, ambalo ni milimita 47.6, kuna la milimita 50, linalotumika sana Ulaya, na kuna la inchi 2, yaani milimita 50.8. Juu ya hayo lipo la inchi 2 na 5/16, takriban milimita 58.7, kwa matrela mazito zaidi. Kati ya lile la kwanza na la inchi 2 tofauti ni milimita 3.2 tu. Kikombe cha inchi 2 kikiwekwa juu ya tufe la milimita 47.6, komeo litafunga, pini itaingia, na uzito wa mkono wa trela (chuma chake cha mbele kinachobeba kikombe) utakigandamiza kikombe chini, hivyo kwenye barabara tambarare hutaona hitilafu yoyote. Hatari hujitokeza pale mkono wa trela unaponyanyuliwa na tuta, shimo au mteremko, kwa kuwa taya lililo ndani ya kikombe, ambalo kazi yake ni kulikamata tufe chini ya sehemu yake nene, linakuwa halina cha kukamata.

Chukua kalipa (kifaa cha kupimia vipenyo), sugua kutu kwa brashi ya waya, kisha pima tufe mahali palipo pana zaidi. Pima upande kwa upande na pia mbele kwa nyuma, kwa sababu tufe huliwa zaidi upande wa kuvutia na huenda lisiwe duara tena. Baada ya hapo lala chini ya kiunganishi ukiwa na tochi, mtu mwingine afunge komeo huku ukitazama, na uhakikishe kwa macho yako kwamba taya limepanda na kulibana tufe kwa chini. Wakati mwingine taya hukaa juu ya tufe badala ya kulizunguka, na ukiwa umesimama huwezi kulitambua hilo hata kidogo.

Jaribio ninalolifanya kila ninapounganisha trela ni la jeki. Komeo likishafungwa, zungusha jeki ya mkono wa trela kana kwamba unataka kukiondoa kikombe kwenye tufe, na uendelee hadi sehemu ya nyuma ya gari inyanyuke sentimita chache. Kama kikombe kimelishika tufe sawasawa, gari litapanda pamoja nacho. Kikichomoka, ni bora kimechomokea hapo, gari likiwa limesimama.

Mlio wako unaweza pia kuwa na chanzo kingine. Mara nyingi nafasi huwa kati ya mtaimbo wa kuvutia (chuma kinachobeba tufe) na mrija wa mraba unaoupokea, na hiyo si hatari ilimradi pini na klipu yake ni nzima. Kama trela lina breki zinazofanya kazi kwa trela lenyewe kulisukuma gari, huenda shoki iliyo ndani ya kiunganishi imechoka. Ili kutofautisha, funga breki ya mkono ya gari, mwombe mtu alisukume trela mbele na nyuma, na wewe weka macho kwenye kila muungano, mmoja baada ya mwingine, hadi uone ni upi unaocheza.

Omo na Tezi alijibu:

Fundi amelimaliza suala la tufe, nami nitazungumzia mteremko, kwa sababu desturi uliyoieleza nimeiona mahali pengi na inanisikitisha kila mara.

Minyororo isifunguliwe, na komeo lisiguswe, hadi trela litakapokuwa limerudi juu likiwa tupu na limesimama mahali tambarare. Mteremko ni mahali ambapo kiunganishi kinafanya kazi kubwa kuliko barabarani. Kwenye mwinamo wa asilimia 15, mzigo wako wa kilo 1,300 unalivuta gari kuelekea majini kwa nguvu inayokaribia kilo 200 mfululizo, hata vyote vikiwa vimesimama. Wakati huohuo, kwa kuwa trela limeinamia nyuma, kitovu cha uzito wa boti kinasogea upande wa tezi (nyuma ya boti) na uzito unaokandamiza tufe unapungua. Maji ya ngama (yanayotuama chini ndani ya boti), kama yapo, nayo hukimbilia tezi, na mtu akipanda botini kwa nyuma anaongeza tatizo hilohilo. Trela ambalo mkono wake ulikuwa mwepesi tangu mwanzo linaweza kufikia hali ya kukivuta kikombe juu badala ya kukikalisha chini. Baadaye tezi inapoanza kuelea mambo yanageuka, kwani uzito uliobaki unahamia omo (mbele ya boti) na mkono wa trela unakandamizwa kwa nguvu. Ndani ya mita chache tu, kiunganishi kimepitia hali mbili zinazopingana, na wenzetu hao wanachagua wakati huo kulifungua komeo.

Hoja ya kuliokoa gari haisimami. Komeo lililolegezwa halichagui lini liachie. Linaweza kuachia kabla gari halijateleza hata kidogo, na trela lenye boti likashuka bila breki wala usukani kuelekea kwa watu waliosimama nyuma wakisubiri kuipokea boti. Gari likianza kuteleza kweli, huenda kikombe kikabaki kimenasa palepale kwa mvutano, kwa hiyo hatua hiyo inaleta hatari bila kuleta uokoaji unaotarajiwa.

Kinachopaswa kuzuiwa ni kuteleza kwenyewe. Tembea kwa miguu kwenye mteremko kabla ya kushusha gari, uone mwani na ukungu wa kijani vinaanzia wapi, kwa kuwa hapo ndipo magurudumu ya gari yanapaswa kukomea. Kama gari lako linaendeshwa na magurudumu ya mbele, jihadhari zaidi, kwani uzito ukiwa umeelemea nyuma magurudumu hayo yanapoteza mshiko wakati wa kupanda. Ukisimama, funga kwanza breki ya mkono na uiache ibebe mzigo, ndipo uweke gia, kisha mwenzako aweke kabari nyuma ya magurudumu ya gari kwa kutumia kamba ndefu ili asilazimike kuingia katikati ya gari na trela. Abiria wote washuke mapema. Dereva ashushe vioo na afungue mkanda wake wa kiti anapokaribia maji. Huko ndiko kumjali dereva kwa vitendo.

Kuhusu mkanda wa winchi, jibu langu ni lilelile. Boti nyingi zinakaa juu ya roli au mbao zilizovikwa zulia, na zikilowa zinateleza kuliko unavyodhani. Boti iliyofunguliwa juu ya mteremko inaweza kuteremka na kutua kwenye zege, injini ikitangulia. Juu, mahali tambarare, fungua mikanda ya tezi, chomoa plagi ya taa, na hakikisha kizibo cha tundu la kutolea maji kimekazwa. Mkanda wa winchi na mnyororo mfupi wa omo vibaki hadi tezi iwe inaelea. Na unapolegeza winchi, usiuachie mpini ujizungushe wenyewe, kwani unaweza kuvunja mkono wa mtu.

Mshika Usukani aliandika:

Nawashukuru sana ndugu zangu. Nimepima tufe kwa kalipa baada ya kulisugua, na linasoma milimita 47.5 upande kwa upande na pungufu kidogo mbele kwa nyuma. Kwa jaribio la jeki, kikombe kilichomoka kabla gari halijapanda.

Chini ya kikombe kuna nati ya kurekebishia taya. Je, nikiikaza inatosha, au ni lazima nibadilishe tufe? Naomba pia ufafanuzi juu ya uzito unaopaswa kukandamiza tufe, na namna minyororo inavyopaswa kufungwa.

Fundi Trela alijibu:

Badilisha tufe, na usilivute trela hilo popote hadi uwe umelibadilisha. Nati ile imewekwa kwa ajili ya kufidia uchakavu mdogo kati ya tufe na kikombe vya ukubwa mmoja. Haikuwekwa ili kukifanya kikombe kishike tufe la kipimo kingine. Chagua tufe la inchi 2 ambalo uwezo wake uliopigwa mhuri unazidi kilo 1,300 kwa nafasi ya kutosha, na utazame pia kipenyo cha shina lake, kwani shina jembamba ndani ya tundu pana huchezacheza hadi nati ikalegea. Ikaze nati kwa spana yenye kipimo cha nguvu, kwa kiwango kilichotajwa na mtengenezaji, na usisahau washa ya kuzuia kulegea. Kiangalie pia kikombe ndani: kikiwa na mikwaruzo mirefu, ufa au taya lililoliwa, nacho kibadilishwe. Kumbuka kwamba uwezo wa mfumo mzima ni ule wa sehemu yenye uwezo mdogo kuliko zote, iwe ni gari, mtaimbo, tufe au kikombe.

Kwa trela la boti, watengenezaji wengi hupendekeza uzito wa kukandamiza tufe uwe kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote. Kwa trela lako hiyo ni kilo 65 hadi 130, lakini soma kitabu cha gari kwanza, kwa sababu magari mengi madogo hayaruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 75 au 100 kwenye tufe. Unaweza kuupima kwa kuegemeza mkono wa trela juu ya mizani, kwa urefu uleule wa tufe, trela likiwa limesawazishwa. Lipime likiwa na mafuta kama unavyosafiri, kwani lita 100 za petroli zina takriban kilo 75, na tangi likiwa nyuma ya ekseli uzito huo unaunyanyua mkono. Uzito ukiwa mdogo mno, trela litaanza kuyumba kushoto na kulia kadiri mwendo unavyoongezeka. Likianza, ondoa mguu kwenye mafuta polepole, shikilia usukani ukiwa umenyooka, na usikanyage breki ya gari kwa nguvu. Tiba yake ni kuisogeza boti mbele kwa kuhamisha nguzo ya winchi, au kuirudisha ekseli nyuma kidogo.

Minyororo ipishane chini ya kiunganishi, wa kushoto ukafungwe kulia na wa kulia kushoto, ili mkono wa trela ukianguka udakwe kabla haujagusa barabara. Iwe mirefu kiasi cha kuruhusu kukata kona, bila kuburuzika. Ikiwa mirefu mno, usiipunguze kwa kuisokota, kwani pingili zilizosokotwa hupoteza nguvu. Tafuta minyororo ya urefu unaofaa. Kila mmoja uwe na uwezo wa kuhimili uzito wote wa trela na boti, na kulabu zake ziwe na kifungo cha kuzuia kuchomoka. Zifungwe kwenye matundu ya fremu iliyokazwa kwenye chasi ya gari, kamwe si kwenye mtaimbo unaochomolewa, kwa sababu pini ya mtaimbo ikikatika minyororo itaondoka nao. Kama trela lina waya wa kuvuta breki ya dharura, nao ufungwe kwenye fremu hiyohiyo, ukiwa na njia yake peke yake.

Omo na Tezi alijibu:

Naongeza jambo moja linalohusu maji yenyewe. Ukifika ufukweni baada ya mwendo mrefu, gusa vikombe vya beringi za magurudumu. Vikiwa vya moto, subiri vipoe, kwa kuwa beringi moto ikitumbukizwa kwenye maji baridi hewa iliyo ndani husinyaa na kuyavuta maji kupitia sili, na grisi iliyochanganyika na maji ya chumvi haiikingi beringi. Wakati unasubiri vipoe, unaweza kufanya maandalizi yote ya juu niliyoyataja.

Ukishapandisha boti, simama tena mahali tambarare kabla ya kuingia barabarani. Toa kizibo, acha maji ya ngama yatoke yote, funga mikanda ya tezi, rudisha plagi ya taa, na ulikague komeo, pini na minyororo upya, kwa sababu kiunganishi kimetoka kwenye mtikisiko mkubwa kuliko wote wa safari. Ukifika nyumbani osha kiunganishi na minyororo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na uutoe mtaimbo ndani ya mrija wake ili nao uoshwe. Ukiachwa humo miezi kadhaa na chumvi, utagandana na mrija na hutaweza tena kuona hali ya chuma kilichomo ndani.