Nimechoma uzi, majivu yanasema pamba. Mbona dera limerudi?

FundiMadera
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni fundi cherehani, Tanga. Nilinunua jora la kitambaa cha madera, muuzaji akaapa ni pamba tupu. Kabla ya kulipa nilifanya kama mama alivyonifundisha: nikachomoa uzi, nikauwasha kwa kiberiti. Haukuyeyuka wala haukuacha kidonge kigumu cheusi kama poliesta. Uliwaka upesi, ukanuka karatasi, majivu yakapeperuka. Nikalipa. Nimeshona madera sita ya harusi. Moja nimelifua: limerudi inchi tatu, na nilipolikamua likachanika ubavuni. Nilikosea wapi?

Mwalimu_Kemia
Pole, dada. Hukukosea kuchoma, ila moto hauwezi kukuonyesha tofauti ya pamba na rayoni. Dalili zote ni za rayoni, wengine huiita viskosi, nayo ni selulosi, ile nyuzinyuzi inayojenga mimea, kama pamba. Selulosi haiyeyuki: minyororo ya molekuli zake imeshikana sana hivi kwamba joto huikata kabla halijaiachanisha.

Kinachotofautisha ni safari yake. Rojo la mti hulowekwa kwenye kostiki soda, ile ile ya wapika sabuni. Likichanganywa na kemikali iitwayo kaboni disulfidi hugeuka makombo ya rangi ya chungwa. Makombo yakiyeyushwa kwenye kostiki tena, unapata uji mzito kama asali. Uji huo husukumwa kwenye vitundu vidogo mno, ukitokea ndani ya asidi ya salfa, hii ya betri za magari. Hapo selulosi inajirudia, sasa ikiwa uzi. Waingereza Cross, Bevan na Beadle ndio walioigundua njia hiyo, 1892. Huwa naifundisha kwa uchungu, maana mvuke wa kaboni disulfidi uliharibu mishipa ya fahamu ya wafanyakazi wengi viwandani, na wengine walirukwa na akili.

Njiani humo minyororo hukatwa ikawa mifupi, maji yakapata pa kupenya. Rayoni ya kawaida ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Pamba ikilowa huzidi nguvu. Chomoa uzi, ulambe katikati, uvute taratibu. Ukikatikia palipolowa, ni rayoni.

MamaWawili
Fundi, waambie wateja wako wasikae karibu na jiko la mkaa wakiwa wamevaa rayoni nyepesi. Mwaka 1994 kule Marekani sketi za rayoni kutoka India ziliondolewa sokoni kwa sababu zilikuwa zikiwaka haraka kuliko gazeti. Kitambaa chembamba, hewa inapita kila upande.

FundiMadera
Mwalimu, nimejaribu nyuzi nne, zote zimekatikia penye mate. Uzi wa kanga yangu ya pamba nimeuvuta mpaka ukanikata kidole.

Kitambaa kilichobaki nimekiloweka usiku kucha kabla ya kukata lingine. Yale matano nimempigia mama wa bibi harusi nikamweleza ukweli. Ameomba niyashushe pindo, bahati nzuri nilikuwa nimeacha inchi nne. Je, nikiyaanika, niyatandaze au niyatundike?

Mwalimu_Kemia
Yatandaze kivulini. Maji yake yaminye kwa taulo, usiyasokote.