Watu wakinaswa majini, mvuvi aingie au asubiri amri?

Wakuu, naomba tujadili hili kwa uzito wake. Hapa mwaloni Kirumba, Mwanza, ubishi huu hauishi: watu wakinaswa ndani ya chombo kilichopinduka, au kwenye shimo lililojaa maji, wavuvi na wazamiaji wa mtaani waruhusiwe kuingia papo hapo, au wazuiwe hadi wafike wenye vifaa na mamlaka?

Wanaotaka wazuiwe hukimbilia mfano wa Thailand. Kwa ambao hawakufuatilia, tarehe 23 Juni 2018 vijana 12 wa timu ya mpira, wa miaka 11 hadi 16, waliingia na kocha wao wa miaka 25 kwenye pango la Tham Luang, mkoa wa Chiang Rai. Mvua ikanyesha, maji yakafunga njia nyuma yao, wakazidi kusogea ndani hadi wakakwama kama kilomita nne kutoka mlangoni. Walipatikana hai tarehe 2 Julai, wakatolewa kati ya tarehe 8 na 10, wote 13. Ndipo watu husema: mnaona, wenzetu walitulia, wakapanga, wakafanikiwa.

Mimi nasema mfano huo tunausoma nusu. Waliowafikia wale watoto kwanza hawakuwa wanajeshi. Rick Stanton alikuwa zimamoto mstaafu wa Uingereza, na John Volanthen alikuwa mtu wa kompyuta. Kuzamia mapangoni walikuwa wakikufanya kwa mapenzi yao, miaka na miaka. Makomando wa jeshi la majini la Thailand ni hodari wa bahari ya wazi, lakini pango lenye maji ya tope, njia nyembamba na mkondo mkali ni kazi nyingine kabisa. Mkuu wa mkoa aliyeongoza operesheni, Narongsak Osatanakorn, alibaki na uongozi wake, lakini namna ya kuwatoa watoto ilitoka kwa watu waliokwisha kulipita lile pango chini ya maji. Na walichopendekeza kilitisha: kila mtoto alazwe kwa dawa, afungwe mikono asije akazinduka na kung'oa barakoa ya hewa, kisha apitishwe chini ya maji bila fahamu. Daktari Richard Harris wa Australia, naye mzamiaji wa mapango, ndiye aliyewachoma ketamini, yaani hiyo dawa ya usingizi. Afisa aliyeketi kwenye hema nje ya pango asingeweza kulibuni hilo.

Tena hawakusubiri kama tunavyodhani. Pendekezo la kuwaacha ndani miezi kadhaa hadi mvua ziishe, wakipelekewa chakula, lilikuwapo. Likaachwa kwa sababu oksijeni mle ndani ilishuka hadi asilimia 15 na mvua nyingine kubwa ilikuwa njiani.

Msimamo wangu ni huu: mkuu wa operesheni awe mmoja na ajulikane kabla ya ajali. Kazi yake iwe kuamua nani anaingia. Namna ya kuingia na wakati wa kutoka aviamue aliyekwisha kushuka majini, awe na sare au awe na kaptura ya kuvulia dagaa. Karibuni.

Zimamoto Mstaafu:

Mleta mada, nakuheshimu, lakini ungeanzia hapa hapa kwetu, tarehe 21 Mei 1996. Meli ya MV Bukoba ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo, ikapinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Haikuzama mara moja. Ilibaki tumbo juu, na watu waliokuwa ndani wakawa wanagonga bati. Waliokuwa nje waliwasikia. Fikiria umesimama juu ya chuma na unasikia mtu anagonga chini ya miguu yako. Nani hapo atakuwa na moyo wa kusema tusubiri?

Wakatoboa. Chukua kikombe, kigeuze mdomo chini, kizamishe kwenye beseni. Hewa iliyonaswa ndani inazuia maji yasipande, na ndiyo hiyo hiyo inayokifanya kikombe kitake kuelea. Toboa kitako chake uone. Hewa iliwatoka wale watu, maji yakapanda, meli ikashuka. Hesabu inayotajwa zaidi ni watu 894, na wengi wao wamelala kwenye makaburi ya Igoma.

Chombo kikiwa kimegeuka, kwanza unakishikilia kwa maboya au kreni kisiende chini, ndipo mzamiaji anaingia kwa kupitia chini. Hukati juu. Sasa ukifungua mlango kwa kila mwenye moyo wa kusaidia, una uhakika gani kwamba mmoja wao hatakuja na mtalimbo?

Mwana Ukara:

Mzee wangu, shikamoo. Lakini mtambo wa kukatia chuma cha meli haukutoka kwenye mtumbwi wa mvuvi. Makosa ya 1996 usitubebeshe sisi.

Mimi ni wa kisiwa cha Ukara. Tarehe 20 Septemba 2018, miezi miwili tu baada ya hao watoto wa Thailand kutolewa, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikitoka Bugolora kuja kwetu, mita zipatazo 50 kutoka gati letu la Bwisya. Kivuko cha watu 101 kilikuwa kimebeba zaidi ya mara mbili ya hapo. Waliowahi kufika ni wenye mitumbwi. Usiku ulipoingia uokoaji ukasimamishwa kwa sababu ya giza, ukaendelea kesho yake alfajiri. Jumamosi tarehe 22, wakati hesabu yote ilikuwa ya maiti, wazamiaji wakamkuta fundi wa kivuko akiwa hai ndani, mahali palipobaki na hewa.

Walikufa watu 228. Swali langu halijajibiwa hadi leo: kama mmoja alikuwa hai siku ya tatu, usiku ule wa kwanza walikuwa wangapi?

Zimamoto Mstaafu:

Marahaba mwanangu. Swali lako ni zito na sitalikwepa. Inawezekana walikuwapo. Lakini kuingia usiku kwenye kivuko kilichopinduka, kamba, mizigo, magunia na miili vimeziba njia, huoni kiganja chako mwenyewe, bila taa ya majini na bila mtungi wa hewa, ni kuongeza maiti. Waliosimamisha hawakuwa na roho mbaya. Hawakuwa na vifaa. Hasira yako ielekeze huko, kwamba ziwa kubwa kuliko yote Afrika halikuwa na taa za majini na mitungi karibu na visiwa vyenye watu wengi namna ile.

Kuna na jambo ambalo mvuvi halioni kwa macho. Mwaka 2013 boti ya Jascon-4 ilizama pwani ya Nigeria, kina cha kama mita 30. Mpishi wake, Harrison Okene, alikaa kwenye hewa iliyonaswa kwa saa zipatazo 60. Wazamiaji walikuwa wamekwenda kutoa miili, wakamkuta hai. Hawakumpandisha moja kwa moja. Mtu aliyevuta hewa ya kina kile muda mrefu damu yake imebeba naitrojeni nyingi. Ukimvuta juu haraka inatoka kwa viputo ndani ya mwili, na anaweza kufa ukiwa umemshika mkononi. Ilibidi akae kwanza kwenye chumba maalumu cha kushusha mgandamizo. Huyo mvuvi wako mwenye nia njema angempandisha juu kwa shangwe.

Kemondo Asilia:

Mzee, hilo la viputo ni la vina virefu. Nyerere ilikuwa karibu na gati, na ndege ya Bukoba ilikuwa imeonyesha mkia juu ya maji.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia ziwani jirani kabisa na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Wavuvi ndio waliofika kwanza. Kijana Majaliwa Jackson alisaidia kufungua mlango wa nyuma kwa kasia. Kasia! Watu 24 wakapona.

Wengi tunaishia hapo, na kwenye zawadi ya shilingi milioni moja na kazi aliyopewa katika Jeshi la Zimamoto. Lakini kuna aliyoyasimulia mwenyewe kwa waandishi baadaye. Alizamia hadi mbele kwa marubani, akawaona hai kupitia kioo, wakamwonyesha kwa ishara avunje. Akaja juu kuomba kifaa, akapewa shoka. Kabla hajashuka akazuiwa na mtu mwenye kipaza sauti, akaambiwa kwamba tayari kuna mawasiliano na marubani na maji hayaingii kwao. Akashuka tena kuwaaga, wakamwonyesha kwamba bado wanataka kutolewa. Alijaribu mlango wao wa dharura kwa kamba, kamba ikakatika ikampiga usoni, akapoteza fahamu, akazindukia hospitali. Marubani wote wawili walikufa.

Sisemi angevunja wangepona. Huenda maji yangewafunika hapo hapo. Ninachosema ni kwamba kati ya watu wote pale, aliyeonana macho kwa macho na marubani alikuwa mmoja, na neno lake ndilo halikuwa na nafasi.

Mchimba Duara:

Naunga mkono hoja ya Kemondo kwa upande wetu wa migodini. Oktoba 2015 pale Nyangalata, Kahama, duara, yaani shimo la wachimbaji, lilititia na wenzetu wakafukiwa. Watu walikwisha kukata tamaa. Siku ya 41 wakatolewa watano wakiwa hai, baada ya wachimbaji wenzao kusikia sauti chini ya ardhi. Waliishi kwa mizizi, wadudu na maji yaliyodondoka mwambani. Mmoja alifariki baadaye.

Anayejua mlio wa mwamba ni anayelala na mwamba. Ila na mimi nakubali kwamba ukiruhusu kila mtu ashuke na sururu yake, duara litawaangukia wote.

Mama wa Kayenze:

Wanangu, nimesoma yote. Mnaongea kama vile huyo mvuvi hana kwao.

Mume wangu huzamia nyavu zikinasa kwenye miamba. Anafunga kamba kiunoni, mwenzake anaishika mtumbwini. Kamba ikitikiswa mara mbili, vuta. Isipotikiswa kwa muda waliokubaliana, vuta vile vile, hata kama wavu utabaki huko. Maji ya ghuba hii ni ya kijani, ukishuka kidogo tu ni giza, anafanya kazi kwa vidole. Hana mtungi, hana miwani ya maana. Na siku ya ajali atakimbia kwenda kusaidia, namjua, hatamsubiri mtu.

Huko Thailand mnakokutaja, Saman Kunan alikuwa amekwisha kuacha jeshi, akarudi kujitolea. Alikwenda kupanga mitungi ya hewa njiani, wakati wa kurudi akapoteza fahamu chini ya maji, akafa tarehe 6 Julai, kabla hata mtoto mmoja hajatoka. Komando mwingine alikufa Desemba 2019 kwa maambukizi ya damu aliyoyapata kwenye operesheni hiyo. Hao nchi nzima iliwalilia. Mvuvi wa Kayenze akifia ndani ya kivuko, mimi nitaambiwa nini zaidi ya pole? Nani atasomesha watoto? Nani atalipa deni la injini?

Mleta mada:

Mama, hoja yako imenifanya niongeze kitu kwenye msimamo wangu.

Zimamoto Mstaafu yuko sahihi kuhusu kukata na kuhusu kina. Hivyo ni viwili ambavyo mvuvi asiachiwe: kutoboa chombo na kumpandisha mtu aliyekaa chini sana. Lakini kwa mengine, kuwazuia wavuvi ni ndoto. Watafika kabla ya boti ya polisi kwa sababu wanaishi hapo. Bwisya walifika kwanza, Bukoba walifika kwanza. Kinachobaki ni kuamua kama watafika wakiwa hawajui kitu, au watafika wakijua kwamba chombo kilichogeuka kinasikilizwa kwanza, kinagongwa na kungojewa jibu, na kwamba hewa iliyo ndani haiguswi.

Kila mwalo una uongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo. Uandike majina ya wanaozamia, wawe wachache, wafundishwe na Jeshi la Zimamoto hapo hapo mwaloni, na namba yao ya dharura 114 waipige wakiwa wanajulikana upande wa pili. Na siku ya ajali, mwenye kipaza sauti asimzuie aliyeandikwa bila kumsikiliza kwanza ameona nini kule chini.

Zimamoto Mstaafu:

Orodha naikubali, na mafunzo nitakuja kuyatoa mwenyewe nikiitwa. Hilo la mwisho bado nalipinga. Mkuu wa operesheni akisema toka majini, unatoka. Ukianza kubishana naye, wa pili atabishana, wa tatu ataingia tu. Thailand hawakubishana mlangoni mwa pango. Walibishana hemani, wakakubaliana, ndipo wakaingia.

Mwana Ukara:

Thailand walikuwa na siku za kukaa hemani, mzee. Bwisya hatukuwa na hata saa moja.

Mama wa Kayenze:

Jina la mume wangu mkiliandika kwenye hiyo orodha, liandikeni pamoja na bima na mtungi wa hewa. Bila hivyo, nitakuwa wa kwanza kumzuia, na mimi sitahitaji kipaza sauti.