Kutoa upepo kwenye breki nyumbani bila msaidizi: naomba ushauri kabla ya Ijumaa

Mkazi_Tororo: Wanajukwaa, salaam. Pedali ya breki ya gari langu, Toyota Premio, imekuwa laini: nikiikanyaga inazama karibu hadi chini, na nikiipampu inapanda tena. Nimeshanunua chupa ya mafuta ya breki ya DOT 4, hozi nyembamba inayopitisha mwanga na spana namba 10, lakini hapa nyumbani hakuna wa kunikanyagia pedali wakati mimi nikifungua nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye gurudumu. Ijumaa nina safari ya Kapchorwa isiyoahirishika. Je, mtu mmoja anaweza kuutoa upepo wote, na aanze na gurudumu lipi?

Kisekka_Zamani: Anaweza, ndugu yangu. Ziba magurudumu kwa mawe, inua gari na uliweke juu ya stendi, usiliache juu ya jeki tupu. Vika hozi kwenye nipo, ncha ya pili izame katika chupa yenye mafuta safi ya breki, ili pedali ikirudi ivute mafuta badala ya hewa. Legeza nipo kidogo, kanyaga polepole bila kushindilia hadi sakafuni, kwa maana raba za masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) kuukuu huweza kuchanika zikipita pale ambapo hazijazoea kufika. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda: kwa usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, isipokuwa kitabu cha gari kikisema vingine. Kikopo cha mafuta ya breki kisikauke hata mara moja.

Mama_Wawili_Mbale: Kaka, mnabana shilingi kwenye breki halafu mnazimwaga kwenye nyama choma. Shemeji yangu alijitengenezea breki mwenyewe akaingia kwenye migomba ya watu, na hadi leo anadai migomba ndiyo iliyomfuata. Mwite fundi.

Dereva_Mstaafu: Nimeendesha malori barabara ile ya Sipi miaka mingi. Ukishuka, tumia gia nzito, usining'inie kwenye pedali. Mafuta ya breki hunyonya unyevu: DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishalewa maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 155, na mvuke ukiingia kwenye mabomba pedali huzama bila onyo. Vijana wa siku hizi hawajui gia.

Kisekka_Zamani: Mzee, hayo ni kweli, lakini upepo haujileti. Mkazi, mafuta yalipungulia wapi, na ni nani aliyeyaongeza?

Mkazi_Tororo: Palikuwa na uvujaji mdogo kwenye bomba la nyuma, nimeshaukaza. Niliongeza kidogo njiani. Swali langu lakini lilihusu msaidizi, na tayari nimeanza kazi kama picha inavyoonyesha.

Mtani_wa_Jinja: Jamani, tazameni hiyo picha kabla hamjachoka bure. Mlango uko wazi, pedali imelala chini kabisa, na mkono wa bwana huyu uko kwenye nipo ya gurudumu la nyuma. Mtu aliye peke yake ana mguu wa mita tatu? Hii ni hadithi ya kutuchezea.

Mama_Wawili_Mbale: Nami nilishangaa. Labda msaidizi yupo, ila hatakiwi kujulikana.

Mkazi_Tororo: Sina sababu ya kudanganya. Pedali nimeikandamiza kwa mpini wa ufagio uliokazwa kwenye kiti cha dereva, na simu niliiegemeza kwenye tofali. Kuzeni picha mtauona mpini.

Kisekka_Zamani: Mpini nimeuona, na njia hiyo hufanya kazi mradi ufunge nipo kabla ya kuuondoa. Mimi natazama hozi. Mafuta ya breki yaliyozeeka huwa kahawia. Hayo ni mekundu. Uliongeza nini?

Mkazi_Tororo: Duka la njiani halikuwa na ya breki, wakanipa ya usukani wa pawa. Ni kiasi cha kifuniko cha chupa tu, nayo pia ni mafuta ya gari. Nilidhani nikisukuma DOT 4 ya kutosha yatatoka yote.

Kisekka_Zamani: Hayatoki yote. Raba za breki zimetengenezwa kuvumilia mafuta ya glikoli. Zikigusana na oili ya madini kama hiyo ya usukani huvimba na kulegea, na ikivimba raba ya masta silinda huziba tundu la kurudishia mafuta kwenye kikopo, hapo magurudumu yanajibana yenyewe. Hakikisha sasa hivi: vuta kidogo kutoka kikopo kwa sindano, tia kwenye glasi ya maji, koroga. Mafuta ya breki huyeyuka, oili huelea.

Mkazi_Tororo: Utando mwekundu umeelea, lakini ni mwembamba. Kwa vile nimeshanunua chupa, kwa nini nisisukume lita nzima, niende polepole Ijumaa, kisha nishughulikie raba nikirudi?

Dereva_Mstaafu: Gia nzito haitakuokoa hapo, mwanangu.

Kisekka_Zamani: Acha kusukuma, unayasambaza hadi kwenye mtambo wa ABS unaozuia magurudumu kujifunga ukifunga breki, nao ni ghali kuliko vingine vyote. Fundi aoshe mabomba, abadilishe raba za masta silinda na za magurudumu yote pamoja na hozi laini, akague ABS, ndipo utoe upepo kwa chupa mpya iliyofungwa. Ufagio wako utafaa wakati huo. Ijumaa panda teksi kutoka Mbale.

Mtani_wa_Jinja: Na hiyo glasi usiirudishe jikoni.