Mume wangu anapiga rangi magari, kikohozi kinaisha tukisafiri kinarudi akirudi kazini. Naombeni ushauri

mama_zai: Wakuu habari za jioni. Mume wangu anapiga rangi gereji moja huku Tabata, mwaka wa sita huu. Tangu mwezi wa tatu anakohoa, yani usiku saa nane anaamka anakaa kitandani kifua kinapiga filimbi mpaka mtoto anashtuka. TB tumepima mara mbili hakuna kitu, tunapewa dawa ya kikohozi tunarudi nyumbani. Kilichonishtua tulienda msibani Masasi siku 12, kikaisha chenyewe, tumerudi Jumapili, Jumatatu kaingia kazini na usiku uleule filimbi imeanza. Wenzake wawili nao wanakohoa, bosi anasema vumbi la Dar hilo. Naanzia wapi jamani?

fundi_ilala: Pole sana dada. Muulize wanachanganya rangi na hadena, ile dawa ya kukaza rangi? Makopo mengi ya hadena yana kemikali inaitwa isosaianeti, hiyo inaleta pumu ya kazini, na kifua kikishaikataa hata ukungu kidogo tu unatosha kumwamsha usiku. Kitambaa usoni hakizuii, wala barakoa ya vumbi. Apige picha lebo ya kila kopo analoshika.

nesi_temeke: Hilo la Masasi mwambieni daktari kabla ya yote, wengi hawalisemi. Wekeni daftari, siku gani kapiga rangi, ipi, masaa mangapi, kifua kimebana saa ngapi, na siku za kupumzika msiziruke. Ombeni kile kifaa cha kupuliza kupima nguvu ya pumzi, apulize mara kadhaa kwa siku wiki tatu nne hivi, namba zikishuka siku za kazi zikapanda akipumzika daktari anapata pa kushika. Wenzake nao waandike, kila mtu daftari lake. Ila akibanwa mpaka kuongea shida ni hospitali saa hiyohiyo.

mdau_keko: Naongezea, OSHA, wale wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wanapokea malalamiko, sheria ya 2003 inambana mwajiri kupima afya za wafanyakazi na kutoa vifaa vya kinga. Na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, wanafidia magonjwa ya kazini pia sio ajali tu, mchango anatoa mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata mia.

mama_zai: Asanteni sana, mmenitoa machozi. Tumekaa na kalenda ya ukutani tunaweka alama usiku tunaoukumbuka, zile siku za Masasi ziko tupu zote. Hadena wanachanganya, kasema kesho anapiga picha lebo.