Tupeane uzoefu: katika kutetea haki za wanyama, ni mbinu gani iliyokuzalia matunda?

Ndugu wanajamvi, nina miaka 12 katika harakati hizi, na mitano ya mwanzo niliimaliza barabarani nikiwa nimeshika bango lenye picha ya mnyama aliyechunwa ngozi. Wapita njia waliinamisha vichwa, wazazi wakawaziba watoto macho, na sikumbuki hata mmoja aliyesimama kuniuliza afanye nini. Kasoro yangu niliiona niliposoma habari za Henry Spira, mwanaharakati wa haki za wanyama wa Marekani, ambaye mwaka 1976 alianza kuliandama jumba la makumbusho la American Museum of Natural History jijini New York kwa sababu ya majaribio yaliyokuwa yakifanywa humo kwa paka, na mwaka uliofuata majaribio hayo yakakoma. Mwaka 1980 aliigeukia kampuni ya Revlon, iliyokuwa ikijaribu vipodozi kwenye macho ya sungura, na hakuishia kuwaambia waache, bali aliwataka wagharamie utafiti wa njia mbadala. Nao wakatoa dola 750,000 kwa chuo cha Rockefeller University. Alichagua mlengwa mmoja na kumpa dai linalotekelezeka, ilhali mimi nilikuwa nikimlaumu kila apitaye. Nanyi simulieni, ila yawe mliyoyatenda wenyewe.

Mpishi Mstaafu
Mimi nilikuwa upande wa pili, kwani nilisimamia jiko la chuo. Wanafunzi walipokuja na mabango na kuziba mlango wa bwalo, niliita walinzi na nikalala usingizi mzuri. Muhula uliofuata walikuja wawili tu, wakiwa na hesabu ya chakula kilichokuwa kikitupwa kila siku, wakaomba siku moja kwa wiki isiyo na nyama, kwa majaribio. Nilikubali papo hapo, na siku hiyo ilidumu hadi nilipostaafu.

Shahidi wa Bandani
Nilifanya kazi wiki saba katika banda la kuku wa mayai huku nikirekodi video kwa siri. Video ilisambaa, watu wakalia, na mwenye banda akawafukuza vibarua wawili, waliokuwa wakilipwa kidogo kuliko wote, kisha uzalishaji ukaendelea vilevile. Tangu hapo siamini video isiyoambatana na dai lililoandikwa mapema, linalomtaja mwenye uamuzi badala ya mwenye fagio. Hata hivyo sikubali kwamba mbinu hii ni bure: majimbo kadhaa ya Marekani yasingehangaika kutunga sheria za kuzuia upigaji picha huo mashambani kama haukuwauma wenye mali. Sheria ya jimbo la Idaho ilibatilishwa na mahakama kwa sehemu, na ile ya Utah ikabatilishwa mwaka 2017.

Asiyeridhika
Nawapongeza, lakini mnaniogopesha. Nilikusanya saini kwa miaka mingi kupinga vizimba vya kuku, na tangu Januari 2012 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku vile vitupu; tukakumbatiana. Baadaye nilipelekwa kuona vizimba "vilivyoboreshwa", ambavyo sheria hiyohiyo inaviruhusu: kuna kitagio, kuna kijiti cha kutulia, na bado ni kizimba. Gary Francione, mwanazuoni wa sheria wa Marekani anayetetea haki za wanyama, amekuwa akidai kwamba maboresho ya aina hii humtuliza mlaji dhamiri na kumwacha mnyama akiendelea kuwa mali ya mtu, na siku ile sikuwa na la kumjibu. Sasa natumia muda wangu kuwafundisha watu kupika bila nyama wala mayai. Ni kazi ya polepole mno, nakiri.

Mwanzisha mada
Mpishi Mstaafu, nina swali moja. Wale wawili wangekuja na hesabu zao bila wenzao kutangulia na mabango, ungewasikiliza?

Mpishi Mstaafu
Nisingewapa hata kiti. Niliwakubalia upesi kwa sababu nilihofia wale wengine wangerudi mlangoni, na wao wawili walilijua hilo, ingawa hawakulitamka.