Naomba ushauri: mboji inanuka amonia, bayocha itasaidia?

Fundi Biwi:
Habari zenu wakuu. Natengeneza mboji kwa mabaki ya jikoni na samadi ya kuku. Kila nikigeuza lundo, amonia inachoma pua mpaka machozi yanatoka, na majirani wameanza kununa. Nimesikia bayocha (mkaa wa mimea uliochomwa kwa hewa kidogo, wa kuweka udongoni) inapunguza gesi zinazotoka kwenye mboji. Niweke kiasi gani, na lini? Chenga za mkaa wa kupikia zinafaa?

Mama Udongo:
Kabla ya bayocha, unachanganya na kitu gani kikavu? Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi mno. Lundo zuri huanza na kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Naitrojeni ikizidi hapo, bakteria hawaimalizi, nyingine inaruka ikiwa amonia. Yaani hiyo unayoinusa ni mbolea yako inakukimbia. Ongeza maranda, majani makavu au mabua yaliyokatwakatwa.

Na usitegemee bayocha ijaze pengo hilo. Kaboni inayo tele, ila imeshachomwa ikawa ngumu, bakteria hawaiwezi kirahisi. Ndiyo maana inakaa ardhini miaka na miaka.

Nyungunyungu:
Sawa kabisa, lakini bayocha asiiache, kazi yake ni nyingine. Ina vitundu vidogo visivyohesabika, inanasa amoniamu (amonia ikiwa bado imeyeyuka kwenye maji ya lundo) kabla haijawa gesi, na inafungua njia ya hewa hadi katikati ya lundo. Pale pasipo na hewa ndipo gesi ya methani inapotengenezwa. Kipimo cha kawaida ni asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa malighafi zikiwa kavu. Changanya siku ile ile unayojenga lundo, maana amonia nyingi hutoka mwanzoni joto linapopanda. Ukisubiri lipoe umechelewa.

Chenga zinafaa kama ni za mti mtupu. Mkaa uliofinyangwa kwa udongo au gundi, au wa mbao zenye rangi na dawa, achana nao. Na uziloanishe kwanza, vumbi lile si la kuvuta.

Mpinga Moshi:
Hapo pa chenga niongeze: pepeta majivu yote yatoke. Majivu yanapandisha pH (kipimo cha asidi na ualkali), na pH ikishapita 8 amoniamu inageuka gesi kwa kasi. Hata bayocha halisi iliyochomwa kwa joto kali sana huwa na ualkali mwingi. Wapo wanaomwaga majivu meusi wakiita bayocha, harufu inazidi, halafu wanakuja kusema bayocha ni porojo.

Fundi Biwi:
Asanteni sana. Maranda yapo, nitaongeza. Sasa harufu ikikata, nijue gesi zimekwisha?

Nyungunyungu:
Hapana mkuu. Methani haina harufu, na nitrasi oksaidi, gesi nyingine inayotokana na naitrojeni, pua yako haitaigundua kwenye lundo. Na hizo ndizo zinazopasha dunia joto: kwa kipindi cha miaka 100, kilo ya methani ina nguvu karibu mara 27 ya kilo ya kaboni dayoksaidi, nitrasi oksaidi mara 273. Lundo linaweza kutulia kabisa kwa harufu huku katikati limelowa na kukosa hewa. Kwa hiyo angalia unyevu. Chukua konzi moja ukamue: yakitoka matone mawili matatu ni sawa, yakichuruzika ongeza vikavu. Lundo lililojaa maji bayocha hailiokoi.

Mama Udongo:
Na usigeuze kila mara kwa sababu ya wasiwasi, kila ukifukua amonia inapata upenyo. Subiri joto lianze kushuka, au likipita nyuzi 65. Nitrasi oksaidi yenyewe mara nyingi huongezeka lundo likishapoa, kwa hiyo usilisahau baada ya harufu kuisha.

Lete mrejesho, na useme maranda uliweka kiasi gani, tusije tukaisifia bayocha kwa kazi ya maranda.