Tupeane uzoefu: ziwa limekuachisha mchezo gani?

Wakuu, habari za jioni. Nimezaliwa Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, nimejulia kuogelea kwenye mawe ya ufukweni nikiwa na miaka saba. Mwaka jana tumbo likaanza kunisumbua, choo kina damu. Watu wanadhani kichocho ni mkojo wa damu tu, kumbe kilichozagaa huku ziwani ni cha tumbo. Daktari akanipima uzito, akanihesabia vidonge vya praziquantel, nikavimeza vyote siku ileile. Kizunguzungu chake sitakisahau. Akaniambia vijidudu hutoka kwa konokono kwa wingi jua likiwa kali, kuelekea saa sita mchana. Huo ndio ulikuwa muda wetu wa mazoezi! Sijaingia majini tena, na mwanangu wa miaka tisa kila Jumamosi ananiuliza tunaenda lini. Nyie mmekutana na yapi?

Mdau wa Igombe: Pole sana mkuu. Uwanja wetu wa mchanga ulimezwa na maji 2020, mwaka ule kina cha ziwa kilipopita hata cha 1964. Goli la upande wa ziwa tulikuwa tunaona mtambaa wa panya tu, wavuvi wakawa wanafungia mitumbwi pale. Maji yaliporudi nyuma yalituachia nyavu chakavu, chupa na vipande vya vioo. Kipa wetu alichanika unyayo, hajarudi langoni mpaka leo. Tulikuwa vijana ishirini na mbili, sasa tunacheza saba kwa saba, na wengine wanakuja kuangalia tu.

Mpiga kasia: Kwetu ni magugu maji. Upepo ukiyasukuma usiku, asubuhi unakuta ghuba imeziba, kasia linanasa kama mwiko kwenye ugali mgumu. Wiki mbili hakuna mazoezi ya mbio za mitumbwi. Na konokono wanajificha humohumo kwenye mizizi, hivyo kushuka kusukuma mtumbwi ni kujitafutia ugonjwa.

Mdau wa mjini: Nilikuwa nakimbia asubuhi kando ya Mto Mirongo. Harufu na moshi wa plastiki vilinishinda, nimehamia kilima cha Bugando.

Mwanzisha mada: Asanteni. Mdau wa Igombe, vile vioo vimeshaokotwa?

Mdau wa Igombe: Bado vipo, hasa nyuma ya goli.

Mwanzisha mada: Jumamosi nakuja na mwanangu na viroba vitatu.

Mdau wa Igombe: Karibuni sana. Saa moja asubuhi, mvae viatu vya soli ngumu.